Lyssa, Mungu wa Ghadhabu wa Wagiriki wa Kale, na Tatizo la Kumpa Jina la Kiswahili

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanapogusia miungu ya Ugiriki ya kale, mara nyingi huwa tayari wanayajua majina makubwa: Zeus mwenye radi, Poseidon wa bahari, Athena wa hekima, Ares wa vita. Ukiwauliza mungu wa hasira alikuwa nani, wengi humtaja Ares. Jibu hilo halishangazi, kwa kuwa vita na hasira ni chanda na pete. Hata hivyo, Wagiriki walikuwa na mungu mwingine, mdogo kwa cheo, asiyetajwa sana vitabuni, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo moja tu: kumwingia mtu na kumfanya awake ghadhabu mpaka asijue anachokitenda. Mungu huyo ni wa kike, na jina lake ni Lyssa. Watu wa Athens walilitamka Lytta.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya Lyssa, kisha kuuliza swali linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili: kama tungetaka kumleta mungu huyu katika lugha yetu, tungemwita nani? Swali hili si la mchezo. Tamthilia ya Kigiriki imo katika maktaba ya Kiswahili tangu Samuel Mushi alipomtafsiri Sophocles na kutupa Mfalme Edipode mwanzoni mwa miaka ya 1970, na njia hiyo bado iko wazi kwa yeyote mwenye ari. Aidha, kama tutakavyoona, nyuma ya suala la msamiati kuna suala zito zaidi, nalo ni la lawama. Mtu akitenda ubaya akiwa ameshikwa na hasira, mtendaji ni yeye au ni hasira?

Neno lilitangulia, mungu akafuata

Tuanze na Homer. Utenzi wa Iliad, ambao wanazuoni wengi huuweka katika karne ya 8 KK, ni utenzi wa hasira. Neno lake la kwanza kabisa ni menis, yaani hasira nzito ya kudumu, ile ya Achilles iliyowaponza Wagiriki wenzake. Homer ana maneno mengine pia. Kuna cholos, hasira ya ghafla inayochemka, ambalo asili yake ni nyongo. Kuna vilevile lyssa, nalo analitumia kwa uchache sana na kwa wapiganaji tu. Hector linamhusu pale anapowasukuma Wagiriki hadi kwenye merikebu zao, na Achilles linamhusu pale anapowafukuza watu wa Troy uwandani akiwa hana tena huruma wala hofu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, linalovutia zaidi ni vitenzi vinavyoandamana na neno hilo. Kwa Homer, lyssa inamwingia Hector, na lyssa inaushika moyo wa Achilles. Hapa Mswahili hana ugeni wowote. Sisi nasi husema mtu ameingiwa na wazimu, ameshikwa na ghadhabu, hasira zimempanda. Katika Kigiriki cha Homer na katika Kiswahili, mtu mwenye hasira ni mtendwa, na hasira ndiyo mtenda. Kiima cha sentensi ni hasira yenyewe.

Katika Iliad lyssa bado si mungu mwenye uso na sauti. Ni nguvu tu. Hesiod naye, aliyewaorodhesha watoto wa Usiku katika utenzi wake wa nasaba za miungu, hakumtaja. Lakini ukishasema kila siku kwamba nguvu fulani inaingia, inashika na inapanda, hatua ya kuipa miguu na mikono si ndefu. Hatua hiyo waliichukua watunzi wa tamthilia wa Athens katika karne ya 5 KK. Aeschylus, aliyefariki mwaka 456 KK, alimpandisha Lyssa jukwaani katika tamthilia iliyoitwa Xantriai, ambayo imetufikia kwa vipande vidogo tu. Aliyemtendea haki zaidi ni Euripides.

Lyssa jukwaani

Tamthilia ya Euripides iitwayo Herakles iliigizwa Athens yapata mwaka 416 KK. Herakles amekwenda kuzimu kumleta mbwa Kerberos, nayo ndiyo kazi ya mwisho kati ya zile kazi ngumu alizopewa. Huku nyuma, katika mji wa Thebes, dhalimu mmoja aitwaye Lykos ameipora serikali na anataka kuwaua mzee Amphitryon, baba mlezi wa Herakles, pamoja na Megara mke wake na watoto wao watatu wa kiume. Herakles anarudi katika dakika ya mwisho, anamuua Lykos, na wazee wa mji wanaimba kwa furaha. Mtazamaji asiyekijua kisa angedhani mchezo umekwisha.

Hapo ndipo juu ya paa la nyumba wanapotokea wawili. Mmoja ni Iris, mjumbe wa miungu. Wa pili ni Lyssa, binti wa Usiku, aliyezaliwa kutokana na damu ya Ouranos, yaani Mbingu. Iris anaeleza kilichowaleta. Hera, mke wa Zeus, anamchukia Herakles kwa sababu Zeus alimzaa nje ya ndoa. Alipokuwa bado anazitimiza kazi zake, Zeus hakuruhusu aguswe. Sasa kazi zimekwisha, na Hera anataka awaue watoto wake kwa mikono yake mwenyewe.

Msomaji angetegemea Lyssa arukie kazi hiyo kwa furaha. Kinyume chake, anakataa. Anasema kwamba yeye ana wazazi wenye heshima, na hapendi kuwaendea watu wasio na kosa. Anamtetea Herakles: mtu huyu ameifanya nchi isiyopitika ikapitika, ameituliza bahari, na amezirudisha heshima za miungu zilizokuwa zimekanyagwa na waovu. Anamshauri Hera asitende ubaya huu. Iris anamjibu kwa ukali kwamba Hera hakumtuma hapa aje kuwa na busara. Lyssa anaona hana njia, kwa kuwa yeye ni mtumwa wa amri. Analiita Jua liwe shahidi kwamba anatenda asilolitaka, ndipo anapoingia ndani ya nyumba.

Tuitazame kejeli hii. Mungu wa wazimu ndiye mwenye akili timamu kuliko wote walio juu ya paa lile. Mwenye hasira hasa ni Hera, nayo ina sababu, ina kumbukumbu na ina mpango. Lyssa ni silaha tu iliyomo mkononi mwake. Euripides amezitenga hasira mbili ambazo sisi huzichanganya: ile inayopanga na ile inayolipuka. Tena amezipanga ngazi, ile ya kwanza ikiitumia ya pili.

Walimu wa ushairi watapenda kujua kwamba mabadiliko hayo yamo hata katika mizani. Lyssa anaanza kwa mizani ya kawaida ya mazungumzo ya jukwaani, ile ambayo Aristotle aliisema kuwa iko karibu zaidi na usemi wa watu. Iris anapomkemea, mistari inakuwa mirefu zaidi na mwendo unakuwa wa kasi, ule ambao Aristotle huyo huyo aliuhusisha na ngoma. Kabla Lyssa hajamgusa Herakles, shairi lenyewe limeshaanza kupoteza utulivu wake.

Yanayofuata anayasimulia mjumbe. Herakles alikuwa amesimama na familia yake mbele ya madhabahu ya Zeus kuitakasa nyumba baada ya kumwaga damu ya Lykos. Ghafla akanyamaza. Macho yakamgeuka, povu likamtiririka ndevuni, akaanza kucheka. Akadhani amesafiri hadi Mykenai kwa adui yake Eurystheus, na kwamba watoto walio mbele yake ni wa adui huyo. Mmoja akamuua kwa mshale, wa pili kwa rungu, wa tatu pamoja na mama yake kwa mshale mmoja. Alipomgeukia mzee Amphitryon, Athena alimpiga kwa jiwe kifuani, akaanguka akalala usingizi.

Ni vyema kukumbuka kwamba katika masimulizi mengine ya kale, Herakles anawaua watoto kwanza, na zile kazi ngumu anapewa baadaye ili atakasike. Euripides aliugeuza mpangilio huo. Kwake, mauaji yanakuja baada ya wema wote. Hayawi tena mwanzo wa safari ya toba, na mtazamaji hapewi sababu ya kujifariji.

Lyssa na mbwa

Umbo la Lyssa halieleweki bila mbwa. Wataalamu wengi wa asili ya maneno hulihusisha neno lyssa na lykos, yaani mbwa mwitu. Katika Iliad mpiga mishale mmoja wa Kigiriki, Teukros, akishindwa kumpata Hector kwa mishale yake, anamtaja kuwa ni mbwa mwenye lyssa. Katika tamthilia ya mwisho ya Euripides, Bakchai, iliyoigizwa baada ya kifo chake cha mwaka 406 KK, kiitikio cha wanawake kinawaita mbwa wa Lyssa wakimbie mlimani kuwachochea mabinti wa Kadmos dhidi ya mfalme Pentheus. Mfalme huyo anararuliwa na mama yake mzazi, ambaye machoni pake anayemrarua ni mnyama.

Wachoraji wa vyungu nao walimwona hivyo hivyo. Katika jumba la makumbusho la sanaa la Boston kuna chungu kikubwa cha kuchanganyia divai kilichochorwa Athens yapata mwaka 440 KK. Kinaonyesha kifo cha Aktaion, mwindaji aliyeadhibiwa na mungu Artemis akaliwa na mbwa wake mwenyewe. Kati ya Aktaion na adhabu yake anasimama Lyssa, jina lake limeandikwa, na juu ya kichwa chake kumechomoza kichwa kidogo cha mbwa. Ni yeye anayewatia mbwa wale wazimu hata wasimtambue bwana wao. Kisa ni kile kile cha Herakles, ila kimepinduliwa: kule baba hawatambui wanawe, huku mbwa hawamtambui aliyewafuga. Kazi ya Lyssa ni kumfanya mtu asiwatambue walio wake.

Haishangazi basi kwamba Wagiriki walitumia neno hilo hilo kwa ugonjwa tunaouita kichaa cha mbwa. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 KK, aliandika kwamba lytta huwapata mbwa na kila mnyama anayeumwa nao, isipokuwa binadamu. Katika hilo la mwisho alikosea vibaya. Mpaka leo Wagiriki huuita ugonjwa huo lyssa, na wanasayansi wameliita kundi la virusi vinavyouleta Lyssavirus. Mungu aliyepungukiwa na mahekalu amepata makao katika maabara.

Tazama sasa Kiswahili. Hatukumfahamu Lyssa, lakini tulipoutafutia ugonjwa huo jina tuliyaunganisha mambo mawili yale yale: kichaa, na mbwa. Wanafunzi wetu wanaozungumza Kinyarwanda nao husema ibisazi by'imbwa, yaani wazimu wa mbwa. Hatuhitaji kudai kwamba lugha hizi ziliazimana. Kilichokuwa cha pamoja ni jambo lililoonekana kwa macho: mnyama aliyefugwa nyumbani, aliyekula mkononi mwa mtu, anayegeuka siku moja na kumuuma aliyemlisha. Nalo si jambo la zamani tu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huwa wameumwa na mbwa.

Tumwite nani kwa Kiswahili?

Tumpe mwanafunzi wa tafsiri tamthilia ya Herakles na kumtaka amtafutie Lyssa jina. Ana maneno mengi mkononi, na kila moja lina tatizo lake.

Hasira ndilo neno la kwanza litakalomjia, lakini ni pana mno. Mama humkasirikia mtoto aliyemwaga maziwa, na hiyo nayo ni hasira. Neno hili linamfaa Hera kuliko Lyssa. Ghadhabu, lililotoka katika Kiarabu, lina uzito zaidi, lakini tumezoea kulisikia likitumiwa kwa Mungu na wakubwa. Ghadhabu hutoka juu kwenda chini, na mara nyingi humaanisha kwamba aliyeghadhibika ana haki ya kughadhibika. Hamaki ni ya haraka na hupita upesi. Haitoshi kuua watoto watatu.

Mori linakaribia sana lyssa ya Homer. Anayepandwa na mori ni mpiganaji, na mori humpa nguvu asizokuwa nazo. Kama tungekuwa tunaitafsiri Iliad, hatungetafuta zaidi. Lakini Herakles wa Euripides hayuko vitani. Yuko nyumbani mwake, mbele ya madhabahu, na watoto wamemshika nguo.

Tunabaki na kichaa na wazimu. Kichaa lina faida ya kutupeleka moja kwa moja kwa mbwa, lakini ni hali ya mtu, na huweza kudumu maisha yote. Wazimu ndilo neno tunalolipendekeza. Kwanza, kisarufi wazimu huingia na hupanda, kama lyssa ya Homer. Pili, lina shina moja na mzimu, na wasemaji wa Kinyarwanda watakumbuka abazimu wao. Ndani ya neno hili kuna wazo la kale kwamba mtu aliyepoteza akili ameingiwa na kitu kilichotoka nje yake. Hilo ndilo hasa Wagiriki walilolisema kwa kumtia Lyssa mlangoni mwa Herakles. Upungufu wake ni kwamba wazimu peke yake haulazimu hasira, kwa hiyo mfasiri atalazimika kuiacha hasira ijidhihirishe katika matendo na usemi.

Kuna faida ya tatu, nayo ni ya upatanisho wa kisarufi. Kwa kawaida tunasema wazimu ulimwingia. Jukwaani tutaandika Wazimu alimwingia. Badiliko la kiambishi kimoja, kutoka u- hadi a-, linatosha kuigeuza hali kuwa nafsi. Tashihisi ambayo Mgiriki aliifanya kwa kinyago na vazi, Mswahili anaweza kuifanya kwa silabi moja. Tunadhani huu ni mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba ngeli zina kazi ya kifasihi pia.

Tuongeze tahadhari moja. Lyssa ni wa kike kwa sababu nomino yenyewe ni ya kike katika sarufi ya Kigiriki, kama zilivyo nomino nyingi za dhana. Mwanafunzi asihitimishe kwamba Wagiriki waliiona ghadhabu kuwa tabia ya wanawake. Katika visa tulivyovitaja, wanaoingiwa ni Hector, Achilles, Herakles, mabinti wa Kadmos na hata mbwa. Kiswahili, ambacho yeye na a- zake hazibagui mume na mke, kitalisahihisha kosa hilo chenyewe.

Nani alaumiwe?

Tumesema kwamba katika Kiswahili hasira ni mtenda na mtu ni mtendwa. Sentensi za namna hiyo hazibaki madarasani. Tumezisikia barazani, katika vikao vya ukoo na mbele ya mahakimu: hasira zilinipanda, shetani alinipitia. Anayezitamka mara nyingi ni mtu aliyemuumiza mke wake au mtoto wake, na anazitamka ili kiima cha sentensi kibebe lawama badala yake.

Wagiriki waliujua udhuru huo. Katika Iliad, Agamemnon anapopatana na Achilles anadai kwamba si yeye aliyekosa. Zeus na wenzake walimtia Ate, upofu wa akili. Lakini katika hotuba hiyo hiyo anaahidi kulipa fidia, na anailipa. Ate alilaumiwa, mali ikatoka kwa Agamemnon.

Euripides anakwenda mbali zaidi. Herakles ana udhuru ambao hakuna mshtakiwa mwingine aliyewahi kuwa nao: hadhira nzima ilimwona Lyssa kwa macho yake akiingia nyumbani mwake, tena ilimsikia akikiri kwamba mtu huyu hana kosa. Pamoja na hayo, Herakles akiamka hasemi kwamba yamekwisha. Anaona haya kuuonyesha uso wake. Anataka kujiua. Rafiki yake Theseus, ambaye Herakles alimwokoa kuzimu, anamshika mkono bila kuogopa najisi ya damu na kumwalika Athens. Herakles anakubali kuishi, na anauchukua upinde ule ule uliowaua wanawe. Anaondoka Thebes akijua kwamba aliyetumwa ni Lyssa, lakini mikono ilikuwa yake.

Mwandishi wa Kirumi Seneca, aliyefariki mwaka 65 BK, aliitunga upya tamthilia hiyo kwa Kilatini na hakumpa Lyssa nafasi. Juno, ambaye ndiye Hera wa Warumi, anafungua mchezo mwenyewe. Tukimwondoa Lyssa tunapata hasira kali, ila tunampoteza yule aliyesita mlangoni. Kwa maoni yetu, kusita kule ndiko kiini cha kisa. Wahenga wetu walipolisema hasira hasara kwa maneno mawili, walituonya kuhusu kinachobaki baada ya hasira kupita. Euripides anatukumbusha kwamba kabla haijaingia kuna dakika moja ambapo hata hasira yenyewe inauliza: mtu huyu amekosa nini?

Hitimisho

Tumeona kwamba Lyssa alianza kama neno la vita, akawa mungu wa jukwaani, akapewa kichwa cha mbwa na wachoraji, na mwishowe akawa jina la ugonjwa. Tumependekeza aitwe Wazimu kwa Kiswahili, na tungefurahi kupingwa na wenzetu wenye neno bora. Mwalimu anayetaka kulitumia somo hili darasani anaweza kuanza na maswali yafuatayo:

1. Orodhesha vitenzi vyote vya Kiswahili vinavyoweza kuambatana na nomino hasira. Ni katika vingapi ambapo mtu ndiye kiima?

2. Katika lugha yako ya kwanza, hasira huingia, hupanda, hushika au hufanya nini? Linganisha na Kiswahili.

3. Geuza sentensi "hasira zilinipanda nikampiga" ili msemaji abebe lawama yote. Ni nini kimebadilika katika sarufi, na ni nini kimebadilika katika maana?